Joho, mvi na insha za kila wiki: nilivyosoma katika chuo cha watu wazima Oxford

Kila nikisema kwamba nilisoma Oxford nikiwa mtu mzima, mwenye watoto na mvi zinazochungulia chini ya mtandio, swali la kwanza huwa joho. "Hivi kweli mlikuwa mnakula na majoho?" Ndiyo, kuna jioni tulikula nayo. Halafu huja swali la pili, ambalo ndilo hasa walitaka kuliuliza tangu mwanzo: hukujiona mgeni, mtu wa Tanga, katikati ya watu wenye mila za karne na karne? Jibu langu huwa haliwaridhishi. Mila zile zilikuwa nyepesi kuliko vitu vyote nilivyokutana navyo pale. Nikipewa alasiri moja naweza kumfundisha mtu yeyote. Kilichonitoa jasho ni mambo yasiyoonekana kwenye picha.

Nilifika Uingereza kumfuata mume wangu, na kama wengi wetu nikabeba boksi. Nilianza na usafi wa maofisi alfajiri, kisha nikaingia kazi ya kulea wazee, nikakaa hapo. Ni kazi ya heshima, lakini haina ngazi ya kupanda. Mshahara wa aliyeanza jana na wa aliyezeekea pale haupishani sana. Nikaamua nisomee uuguzi. Kule kuna kozi ya maandalizi kwa watu wazima wasio na cheti cha kidato cha sita, na ukiifaulu unaweza kuomba chuo kikuu. Nikaenda kujiandikisha. Darasa la wauguzi limejaa. Mama wa dawatini akanitazama, akasema la historia na fasihi lina nafasi, au basi nisubiri mwakani. Sikutaka kusubiri mwakani. Wapo wanaopenda kusikia kwamba historia ilikuwa ndoto yangu tangu utotoni. Haikuwa. Ilikuwa na nafasi.

Mwalimu wa kozi hiyo ndiye aliyenitajia Harris Manchester. Nikadhani ananipeleka mji wa Manchester, nikaanza kuwaza nauli. Kumbe chuo chenyewe kiko Oxford, barabara ya Mansfield, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka katikati ya mji. Hapa nieleze kidogo, maana hata wasomi wetu huchanganya. Oxford ni chuo kikuu chenye vyuo zaidi ya 30 ndani yake. Chuo kikuu ndicho kinachotahini na kutoa shahada, lakini mwanafunzi ni wa chuo chake: huko anakula, huko wengi wanalala, huko ana walimu wanaomjua kwa jina. Harris Manchester ni kati ya vile vidogo, na ndicho ambacho hata mwanafunzi wa shahada ya kwanza hapokewi kabla hajatimiza miaka 21. Juu hakuna kikomo. Nilisoma na vijana wa miaka 23, nikasoma na watu waliokuwa na wajukuu.

Nilipoanza kuisoma historia ya mahali pale ndipo nilipotulia. Chuo kilianzishwa Manchester mwaka 1786 na Wakristo waliokataa kuwa chini ya Kanisa la Anglikana. Enzi hizo huwezi kuandikishwa Oxford mpaka utie saini Ibara 39 za imani ya kanisa hilo. Waliokataa kusaini wakajijengea shule zao wenyewe, na hii ilikuwa mojawapo. John Dalton, yule wa nadharia ya atomu, alifundisha hapo katika miaka ya 1790. Chuo kikahama kama familia ya mpangaji: York mwaka 1803, Manchester tena 1840, London 1853, na Oxford 1889, baada ya sheria ya 1871 kuyaondoa masharti ya dini. Majengo ya mawe yaliyopo leo yalifunguliwa 1893. Lakini kuhamia Oxford hakukukifanya chuo cha Oxford. Kilikaa hapohapo, ukuta kwa ukuta na vyuo vingine, zaidi ya karne nzima kabla ya kupokewa kuwa chuo kamili cha chuo kikuu, mwaka 1996. Jina la Harris nalo lilikuja wakati huo, kutoka kwa Philip Harris, mfanyabiashara wa mazulia aliyeacha shule akiwa na miaka 15 kwa kufiwa na baba yake, akashika maduka ya nyumbani. Kwa hiyo nilikuwa nimeingia katika nyumba iliyojengwa na watu waliofungiwa mlango, ikalipiwa na mtu ambaye hakumaliza shule. Sikuona sababu ya kujikunyata.

Wiki ya kwanza tulikusanywa, tukafundishwa mila. Nasema tulifundishwa, maana hilo ndilo jambo ambalo sikulitambua thamani yake mpaka baadaye, nilipozungumza na vijana wa vyuo vikubwa. Kule unaweza kukaa darasani na mtu ambaye baba yake alisoma hapohapo na babu yake vilevile. Yeye anajua kila kitu, na hakuna aliyewahi kumwona akikifundishwa. Wewe usiyejua unabaki kumtazama mikono kwa pembe ya jicho. Kwetu sikukutana na mtu wa namna hiyo. Wote tulikuwa tumefika kwa njia za panya: aliyekuwa askari, aliyekuwa dereva wa lori, mama wa watoto watatu, mcheza dansi aliyeumia goti. Kwa hiyo kila jambo lilitamkwa kwa sauti. Joho linavaliwa hivi. Kofia ya pembe nne unaishika mkononi, huivai mpaka siku ya kuhitimu. Watu wa meza kuu wakiingia ukumbini, simama. Kisu na uma unaanzia vya nje, unaingia ndani. Yule askari akauliza kwa sauti ya gwaride, "Na kama nataka kwenda msalani katikati?" Tukacheka, akajibiwa, na sote tukajua.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo wangu kuhusu mila, na huwa nabishana nao watu wanaodhani kwamba taasisi isiyo na mila ndiyo inayokaribisha wageni. Nimefanya kazi katika maofisi yenye viti vya rangi na watu wa jinzi, ambako hakuna kanuni yoyote iliyoandikwa, na humo ndimo nilimoteseka. Kanuni zipo tele, hazisemwi tu. Nani anaruhusiwa kumkatiza nani, mzaha gani unachekwa, saa ngapi ni mapema mno kuondoka. Mgeni atazijua kwa kuumia. Mila iliyotangazwa hadharani, hata ikiwa ya ajabu, mtu anaweza kujifunza Jumatatu na kuijua Jumanne.

Joho lenyewe basi. Kuna siku za vazi rasmi: kuandikishwa, mitihani, kuhitimu. Unavaa sketi au suruali nyeusi, shati jeupe, tai au utepe mweusi shingoni, na joho juu yake. Mimi niliongeza mtandio mweusi, mambo yakakamilika. Nilimtumia mama picha kwa WhatsApp. Akanipigia hapohapo. "Mwanangu, hilo joho la bwana harusi umelitoa wapi?" Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya. Limekukaa."

Mtu wa pwani haoni ajabu katika sare. Kwenye harusi zetu wanawake hushona kitambaa kimoja, na ukishaingia ukumbini huwezi kujua nani amekuja kwa gari lake na nani amepanda daladala mbili. Joho lilifanya kazi ileile. Mwaka 2015 wanafunzi wa Oxford walipigishwa kura kama vazi hilo liendelee kuwa la lazima kwenye mitihani, na zaidi ya robo tatu ya waliopiga walitaka libaki. Hoja mojawapo ya waliolitetea ilikuwa hiyohiyo, kwamba linafunika tofauti. Nawaunga mkono, ila nusu tu, kwa sababu joho lenyewe lina madaraja. Ukifanya vizuri sana mitihani ya mwaka wa kwanza unapewa joho refu lenye mikono mipana. Sisi wengine tunabaki na fupi lenye mikanda inayoning'inia. Siku ya mtihani unaingia chumbani, unaketi, mbele yako kuna mabega matatu yenye joho refu. Hiyo ni mila ambayo ningeifuta kesho. Na nyingine ni ile ya kupandisha shahada: mwenye BA ya Oxford, ikipita miaka kama saba tangu aandikishwe, anaweza kupewa MA, yaani shahada ya uzamili, bila kufanya mtihani wowote. Jirani yangu alikesha miaka miwili kupata ya kwake kwenye chuo kingine. Sijawahi kuwa na la kumwambia.

Sherehe ya kuandikishwa hufanyika katika jengo la Sheldonian, lililosanifiwa na Christopher Wren. Mnatembea kwa kundi kutoka chuoni, watalii wanawapiga picha, mnaingia, Kilatini kidogo, hotuba fupi, mnatoka mkiwa wanachama wa chuo kikuu maisha yenu yote. Iliisha upesi kiasi kwamba mume wangu, aliyeomba ruhusa kazini ili atupige picha nje, alidhani tumezuiwa mlangoni. Iliyonigusa zaidi ilikuwa ahadi ya maktaba ya Bodleian. Kila msomaji huahidi, pamoja na mengine, kutoingiza wala kuwasha moto ndani. Nilipoitamka niliwaza vitabu vya shule yetu ya sekondari, vilivyofungiwa ofisini kwa makufuli visije vikachakaa.

Chakula cha jioni rasmi kilikuwa katika ukumbi uitwao Arlosh. Meza ndefu, mishumaa, picha za wazee ukutani, sala fupi watu wakiwa wamesimama. Mimi nilikula samaki au mboga, na hakuna aliyeniuliza kwa nini mara ya pili. Vijana wengi huona chakula hicho kama tamasha la mavazi. Kwetu watu wazima kilikuwa na kazi nyingine. Ukishakuwa na familia na basi la kuwahi, unaweza kumaliza shahada nzima bila kukaa na mwenzako kwa saa moja. Pale unalazimika: huondoki mpaka meza kuu wamesimama. Kwa hiyo nilikaa, kushoto mtu wa sheria, kulia daktari mtarajiwa wa miaka 38, nikaulizwa, "Na wewe kabla ya hapa ulikuwa unafanya nini?" Mwanzoni jibu langu lilikuwa refu, limejaa "lakini" na "kwa muda tu". Kadiri chakula kilivyofuata chakula, likawa fupi: nilikuwa nalea wazee, na likizo narudi kuwalea. Nikanyamaza, nikaendelea kula. Kuitaja kazi yangu bila kuiombea radhi nilijifunza mezani, kabla sijajifunza lolote darasani.

Kuna desturi nyingine ya vyuo vya Oxford ya kuwapa wanafunzi wapya "wazazi", yaani mwanafunzi wa mwaka wa pili anakulea. Mama yangu alikuwa binti wa miaka 24. Alinionyesha mashine za kufulia, akanifundisha kuomba vitabu kwa kompyuta, na siku moja aliponikuta nimejiinamia maktaba akaniletea supu kwenye chupa. Nami nilimwamkia kila asubuhi kama mama mzaa chema, hata akajifunza kuitikia "marahaba". Nyumbani binti yangu naye alikuwa kidato cha pili kwa hesabu za kwetu, ananisubiri mlangoni: "Mama, kazi ya shule umemaliza?" Nililelewa pande zote mbili.

Sasa nifike kwenye jasho. Kufundishwa kwa Oxford ni tutoriali: wewe na mwenzako mmoja, au wewe peke yako, mbele ya mwalimu, saa nzima, mnajadili insha uliyoandika wiki hiyo. Kila wiki insha, wiki nyingine insha mbili kwa mpigo, na orodha ya vitabu isiyokwisha. Huna mgongo wa mtu wa kujificha. Mwalimu mmoja alikuwa mdogo kwangu. Kwetu yeye ndiye angeniamkia. Alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza. Ulimi uligoma. Nilimwita Daktari mpaka nilipohitimu, akazoea.

Insha ninayoikumbuka ilihusu kuvunjwa kwa nyumba za watawa Uingereza, kati ya 1536 na 1540, Mfalme Henry VIII alipotwaa mali na mashamba yao. Wenzangu waliandika kuhusu siasa za mfalme na Roma. Mimi nilisoma jinsi matajiri wa zamani walivyoacha mashamba ili mapato yake yawalipe mapadri wa kuwaombea baada ya kufa, mpango ambao nao ulikuja kufutwa kwa sheria ya 1547, nikajikuta natikisa kichwa. Hiki nakijua. Nimekulia karibu na minazi ya wakfu. Najua maana ya mtu kutoa shamba lake kwa ajili ya msikiti na khitma, na najua kinachotokea wajukuu wakiona bei ya ardhi imepanda. Najua pia kwamba Zanzibar serikali ya Waingereza iliunda kamisheni ya kusimamia mali za wakfu mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba maneno ya wazee kuhusu hilo hayajaisha. Nikaandika insha kwa moto. Nilidhani nitapongezwa.

Daktari aliisoma, akaiweka chini. "Inavutia. Sasa niambie wapi mfano wako unavunjika." Nikasema hauvunjiki. Akauliza: wakfu wa kwenu ni wa ukoo, au wa msikiti, au wa vyote? Nani anaweza kumshtaki msimamizi? Mtawa aliishi ndani ya ile mali. Je, kuna anayeishi ndani ya wakfu? Na kama watu walikuwa wameshaanza kuzitamani zile ardhi kama unavyosema, mbona kaskazini waliasi mwaka huohuo wa 1536 kuzitetea nyumba za watawa? Kila swali lilikuwa halali. Nilitoka pale masikio yanawaka. Njiani kwenye basi la Cowley, upande wa mji tuliokuwa tunaishi, ndipo nikaanza kuwaza upya, na toleo la pili la insha hiyo lilikuwa bora kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeandika, kwa sababu sasa nilikuwa nimeyahoji niliyoyajua kama ninavyohoji ya vitabuni.

Hili nimelisimulia kwa urefu kwa sababu watu wazima tunasifiwa sana kwa "uzoefu wa maisha". Ni kweli tunao. Niliona mambo kwenye nyaraka ambayo kijana wa miaka 19 angeyapita. Lakini uzoefu una kiburi chake. Ukishaona jambo kwa macho yako, unadhani umelielewa, na mtu akiuliza "unajuaje?" unaona kama amekutukana. Kijana hana shida hiyo. Anachojua amekisoma juzi, ukikikosoa hakimuumi. Sisi ilibidi tuumie kwanza. Yule aliyekuwa askari alitoka tutoriali moja ya vita, akafunga mlango taratibu, akaenda kuzunguka bustani mpaka jua likazama. Kesho yake akarudi na kurasa tatu za maswali.

Jasho la pili ni muda. Muhula ni wiki 8, mitatu kwa mwaka. Inasikika kidogo. Wiki ya tano kila mtu anakuwa na sura ya mgonjwa, na hata hilo wamelifanyia utani wa kudumu. Katika muhula mwanafunzi wa shahada ya kwanza hatarajiwi kufanya kazi ya kulipwa, na ni lazima akae ndani ya maili 6 kutoka Carfax, mnara ulio katikati ya mji. Kwangu hilo la maili halikuwa tatizo, nyumba yetu ilikuwa upande wa Cowley. La kazi lilikuwa tatizo. Mkopo wa serikali ulilipa ada na kusaidia chakula, mume wangu, dereva wa basi, akachukua shifti za ziada, na mimi kila likizo nilirudi kwa wazee wangu siku ya pili baada ya muhula kufungwa. Nilisoma vitabu vya muhula unaofuata kwenye zamu za usiku, wakati wamelala.

Chuoni kuna mnara wa saa, mpya ukilinganisha na majengo mengine, uliokamilika 2014. Una maandishi ambayo kwa Kiswahili ningeyasema hivi: muda umekwenda kuliko unavyodhani, lakini hujachelewa. Wageni hupenda nusu ya pili. Wanaiweka kwenye picha za kuhitimu. Mimi nusu ya kwanza ndiyo niliyoishi. Shangazi yangu aliyenilea alifariki wiki ya sita ya muhula wa mwaka wa pili. Nauli ilikuwepo, tuliichanga. Lakini kwenda na kurudi kungeniondolea insha mbili na mtihani wa ndani, na uamuzi nikaufanya usiku mmoja. Nilisikiliza khitma kwa simu, nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya maktaba, kaka yangu ameshika simu katikati ya jamvi. Chuo kilinipa kila nafasi ya kuahirisha. Uamuzi ulikuwa wangu. Mwanafunzi wa miaka 19 hupoteza bibi. Sisi tulikuwa katika umri wa kupoteza kila mtu, na wenzangu watatu walizika wazazi katika miaka ile. Sijui chuo kingine ambako jambo hilo lingekuwa la kawaida kiasi kwamba mtu anakusogezea kiti bila kukuhoji.

Nilikuwa nikiingia kanisani mwao kukaa tu. Naona niseme, maana nyumbani lilizua maneno. Madirisha yake ya vioo vya rangi yamechorwa na Edward Burne-Jones na kutengenezwa na kampuni ya William Morris, na mojawapo ya seti zake inaonyesha siku sita za kuumbwa ulimwengu. Asubuhi za baridi jua likipita pale, hata asiye na dini atakaa. Wengi wa waasisi na walimu wa chuo walikuwa Waunitaria, Wakristo wanaokataa Utatu na kusema Mungu ni mmoja basi. Mpaka mwaka 1813 kuukana Utatu kulikuwa kosa kisheria Uingereza. Nilipomsimulia mjomba wangu, ambaye ni ustadhi na alikuwa na wasiwasi kuhusu mimi na kanisa, alikaa kimya muda mrefu kwenye simu. "Kwa hiyo waliteswa kwa tauhidi?" Nikamwambia si hivyo hasa, mjomba, ni habari ndefu. Akasema, "Basi kaa, lakini swali swala zako." Katika kanisa hilohilo walipita pia wanawake mapema kuliko nilivyotarajia: Gertrude von Petzold alisomea uchungaji chuoni hapo, na mwaka 1904 akawa mchungaji wa Leicester, wakati ambapo Oxford yenyewe ilikuwa haijaanza kumpa mwanamke shahada. Hiyo ilikuja 1920.

Mitihani ya mwisho nayo ina maua. Siku ya kwanza unabandika karnesheni nyeupe kifuani, siku za katikati ya waridi, siku ya mwisho nyekundu. Huyanunui mwenyewe, unanunuliwa. Nyeupe alininunulia binti yangu kwa pesa zake, ya waridi yule mama yangu wa miaka 24 aliyekuwa ameshahitimu, nyekundu mume wangu, aliyekwenda na basi lake mwenyewe mpaka kituo cha High Street akaishusha dirishani kama kifurushi. Ningesema ni mapambo ya watoto kama nisingeyavaa. Kilichonitesa chumbani hakikuwa maswali. Ni mkono. Tuliandika kwa kalamu saa tatu mfululizo, na vidole vilivyofua, vilivyoosha na kuinua watu wazima miaka yote ile viligoma ukurasa wa nne. Wiki za kabla ya hapo nilikuwa nafanya mazoezi ya kuandika jikoni, kila siku nikiongeza muda, sufuria ikichemka.

Baba yangu mdogo, nilipompigia simu kumpa matokeo, alifurahi lakini hakushangaa. Yeye aliingia Mlimani enzi za Azimio la Musoma la 1974, lililotaka mwanafunzi afanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. "Sisi wote tulikuwa watu wazima," akasema. "Tulikuwa na mishahara, na wengine wake. Mhadhiri akisema jambo la ajabu kuhusu vijijini tunamwambia hapana, tumetoka huko." Akanikumbusha na Kivukoni, ng'ambo ya feri, chuo kilichofunguliwa 1961 kuwasomesha watu wazima, kikiiga mfano wa chuo cha Ruskin cha hapohapo Oxford. Na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa ameshafundisha Tabora kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, akiwa na miaka 27. Nilikuwa nimeyajua yote hayo vipande vipande. Lakini ilibidi nivae joho nchi ya watu ndipo nione kwamba kwetu, kwa muda fulani, kusoma ukiwa mtu mzima ndiyo ilikuwa njia, na waliokuja moja kwa moja kutoka shule ndio walikuwa wageni.

Siku hizi huandikiwa na watu wengi. Juzi aliniandikia muuguzi wa Morogoro, miaka 44, watoto wanne, anauliza kama aombe Oxford. Nilimwambia ukweli: kwa anayetoka nje ya Uingereza ada ni mlima, na mkopo niliopata mimi ulikuwa wa wakazi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kipo tangu miaka ya 1990, kina kituo mkoani kwake, na hatalazimika kuacha wodi. Majoho yake atayavaa siku ya kuhitimu, inatosha. Akauliza aanze na nini. Nikamjibu, dada, kabla ya fomu yoyote, nenda kapime macho, utengeneze miwani ya kusomea, miwili, na mmoja uuache kazini.